Filamu Hii Ilizaliwaje? Hotuba Kuhusu Kuchagua Ukumbi wa Kutazamia Filamu ya Dijitali

Hotuba hii ilitolewa Lubumbashi mbele ya wapenzi wa sinema, wanafunzi na vijana wanaotengeneza filamu. Tunaiweka hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Wazee wetu mlioketi mbele, akina mama, akina baba, nanyi vijana mliosimama nyuma kwa kuwa viti vimekwisha: jambo sana kwenu nyote.

Nimeombwa nizungumze juu ya swali ambalo huulizwa karibu kila juma katika kundi letu. Mtu anasafiri kwenda Nairobi, Johannesburg au Lusaka kwa shughuli zake. Akifika huko anasikia kwamba filamu aliyoingoja kwa miezi inaonyeshwa. Anafungua simu, anakuta filamu ile ile imewekwa katika vyumba vitatu au vinne, kila kimoja kina jina lake na bei yake: IMAX yenye skrini kubwa mno, leza ambayo projekta yake inatumia mwanga wa leza badala ya taa, 3D ya kuvaa miwani, chumba cha kawaida. Anatuandikia usiku: nichague kipi? Nasi tunaobaki hapa mjini tunauliza swali hilo hilo kwa njia nyingine: sisi ambao hatuna majumba hayo, tutazame wapi, na tutazame vipi, ili tuione filamu yenyewe?

Jibu langu ni moja, nami nitalirudia mpaka mlichoke. Kabla ya kuuliza mlango una jina gani, uliza filamu ilizaliwaje. Ilipigwa kwa kamera ya namna gani? Ilimaliziwa kwa ukubwa gani? Umbo la picha yake ni lipi? Ukishayajua hayo, tafuta ukumbi unaokuletea picha ile kwa hatua chache iwezekanavyo, katika giza la kweli na kwa mwanga unaotosha.

Nianze na habari ya karatasi. Ni nani kati yetu ambaye hajawahi kupeleka hati ya kuzaliwa ofisini? Unaambiwa ulete fotokopi. Hati yenyewe uliiacha kwa mjomba huko Likasi, kwa hiyo unachukua fotokopi uliyo nayo na kuitoa fotokopi nyingine. Mwaka unaofuata unafanya vile vile. Ninayo karatasi moja ya namna hiyo nyumbani: muhuri umegeuka doa jeusi, saini imebaki nyuzi tatu, na herufi ndogo zimejaa wino hata huwezi kujua ipi ni “e” na ipi ni “o”. Hakuna mtu aliyeiharibu karatasi ile. Imenakiliwa tu, mara nne.

Mkanda wa filamu ulisafiri kwa njia hiyo hiyo. Filamu iliyopigwa kwa mkanda wa milimita 35 ilikuwa na negativu yake, yaani ule mkanda wa kwanza uliopita ndani ya kamera. Kutokana na negativu hiyo maabara ilitoa nakala ya kati, nakala ya kati ikazaa negativu nyingine, na ni kutokana na negativu hiyo ya pili ndipo zilipochapwa nakala za kupelekwa ukumbini. Mtazamaji aliona kizazi cha nne. Mimi niliyeanza kazi nikiwa kijana wa kushika magurudumu ya mkanda wa milimita 16 katika ukumbi wa parokia, siwezi kuudharau mkanda. Naupenda hadi leo, na harufu yake naijua. Lakini lazima niseme ukweli wake: kila kizazi kilipoteza kitu, na kila mara mkanda ulipopita ndani ya mashine uliongezewa mkwaruzo na vumbi.

Sasa, filamu iliyopigwa kwa kamera ya dijitali haina negativu. Ilizaliwa ikiwa namba. Mwaka 2002 George Lucas alitoa “Star Wars: Attack of the Clones”, iliyopigwa kwa kamera za dijitali za Sony ambazo picha yake ilikuwa na pikseli, yaani vidoti vidogo vinavyounda picha, 1920 kwa 1080. Wakati ule kumbi zenye projekta za dijitali zilikuwa chache mno duniani, kwa hiyo watazamaji wengi waliiona kwenye nakala za milimita 35, yaani namba zilizogeuzwa kuwa mkanda. Kabla mwaka ule haujaisha ikapanuliwa kwa ajili ya IMAX. Mitambo ya IMAX ya siku zile ilikuwa ya mkanda, nayo haikuweza kubeba filamu ndefu kupita saa mbili, basi filamu ikakatwa ili iingie. Mnaona kilichotokea? Aliyenunua tiketi ya skrini kubwa kuliko zote alipata skrini kubwa na filamu pungufu, na pikseli zilikuwa zile zile. Aliyekuwa karibu zaidi na kazi ya mtengenezaji ni yule aliyeketi katika ukumbi mdogo wa dijitali ambao labda hakuna aliyeutangaza.

Ndiyo sababu nawaambia: kwa filamu iliyozaliwa dijitali, anza kwa kutafuta ukumbi wa dijitali. Nakala ya mkanda ni hatua ya ziada. Inaweza kuwa hatua nzuri, lakini ni ya ziada.

Hapo najua kuna kijana ambaye tayari amenyoosha mkono. Anataka kuniuliza juu ya “Dune”. Ana haki. Filamu ile ya Denis Villeneuve ya mwaka 2021, iliyopigwa na Greig Fraser kwa kamera za dijitali za ARRI, ilipomalizika kupigwa haikubaki dijitali. Waliichapa kwenye mkanda wa milimita 35, kisha wakausoma mkanda huo kwa mashine na kuurudisha kuwa namba, kwa kuwa waliutaka ule ulaini wa mkanda ndani ya picha. Sehemu ya pili, ya mwaka 2024, ikaonyeshwa pia kwa nakala za IMAX za milimita 70 katika kumbi chache. Katika habari hiyo mkanda ni sehemu ya kuzaliwa kwa filamu, ni mkono wa mtengenezaji mwenyewe. Ni jambo tofauti kabisa na msambazaji anayetoa nakala kwa sababu tu ukumbi hauna mashine nyingine. Kama ningekuwa na nafasi moja tu ya kuitazama, bado ningeenda kwenye projekta ya leza. Kama ningekuwa na mbili, ya pili ningeipa mkanda.

Jambo la pili ni pikseli, nalo ndilo linalowachanganya vijana wetu zaidi ya yote. Kila mmoja anataka 4K. Simu ni 4K, televisheni ni 4K, basi ukumbi nao uwe 4K. Naomba tulitazame kwa utulivu.

Mwaka 2002 studio saba kubwa za Marekani ziliunda chombo kinachoitwa DCI, na mwaka 2005 chombo hicho kikatoa kanuni ambazo sinema ya dijitali inazifuata mpaka sasa. Kanuni zile ziliweka vipimo viwili: 2K, ambayo ni pikseli 2048 kwa 1080, na 4K, ambayo ni pikseli 4096 kwa 2160. Kumbi nyingi duniani zilijengwa kwa 2K, na watu walikaa ndani yake miaka mingi bila kulalamika. Kwa nini hawakulalamika?

Juma lililopita nilikuja hapa na mita ya seremala. Shuka letu la kuonyeshea lina upana wa mita 6. Ukiigawa mita 6 kwa pikseli 2048, kila pikseli inapata upana wa karibu milimita 3. Jicho la mwanadamu lenye afya linaweza kutenganisha vitu viwili ambavyo vimeachana kwa sehemu moja ya sitini ya digrii. Fanyeni hesabu, na mtaona kwamba ukirudi nyuma mita 10 hivi, pikseli hizo zinaungana na jicho haliwezi tena kuziona moja moja. Kwa 4K, kuungana huko kunatokea mita 5 tu kutoka kwenye shuka. Mkitaka kuikumbuka hesabu hii popote mwendako, zidisheni upana wa skrini kwa 1.7. Huo ndio umbali ambao, ukiupita, 2K na 4K zinakuwa kitu kimoja machoni pako.

Kwa hiyo yule anayependa safu ya mwisho, karibu na mlango, asilipe makuta zaidi kwa ajili ya 4K. Macho yake hayatayaona aliyoyalipia. Lakini yule anayependa kukaa safu ya nne ili picha imjaze, huyo 4K inamfaa, mradi filamu yenyewe ilimaliziwa katika 4K. Na hapo tunarudi kule kule: ilizaliwaje? Kamera ya ARRI Alexa, iliyotoka mwaka 2010 na kupiga filamu nyingi mno za miaka iliyofuata, ilitoa picha ghafi ya pikseli 2880 kwa upana. Nyingi za filamu hizo zilimaliziwa katika 2K, kwa sababu kutengeneza picha za kompyuta katika 4K kuligharimu muda na fedha nyingi. Projekta ya 4K haiwezi kuumba kile ambacho hakikuwekwa. Ni kama kumwaga kikombe kimoja cha chai ndani ya ndoo: ndoo ni kubwa, chai ni ile ile.

Na ninyi mnaonunua projekta za mikutano pale mjini, someni karatasi yake vizuri. Imeandikwa “inakubali 4K”. Kukubali si kuonyesha. Nyingi kati ya hizo zina pikseli 1280 kwa 800 tu. Zinapokea picha kubwa na kuipunguza kimya kimya.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo limenileta hapa hasa. Pikseli watu wanazihesabu. Mwanga hawauhesabu. Giza hawalihesabu. Nami, baada ya miaka yote hii nyuma ya mashine, naamini kwamba mwanga na giza ndivyo vinavyoamua kama umeiona filamu ya dijitali au hukuiona.

Kanuni za sinema zinasema kwamba picha nyeupe kabisa katikati ya skrini iwe na mwangaza wa kandela 48 kwa kila mita ya mraba. Huo ndio mwangaza ambao mtengenezaji aliutumia alipokuwa akirekebisha rangi za filamu yake katika chumba chake cha giza. Ukumbi ukimpa mtazamaji nusu ya mwangaza huo, uso uliokuwa kivulini unazama, vazi jekundu linakuwa la kahawia, na usiku unakuwa matope. Tena hakuna atakayejua, maana hakuna aliyeiona picha nyingine ya kuilinganisha nayo.

Niliwahi kuketi katika ukumbi mmoja mzuri sana, nje ya nchi yetu, sitautaja. Viti vya ngozi, baridi ya kutosha, tiketi ya bei kubwa. Filamu ilikuwa ya kawaida, isiyo ya 3D, lakini toka mwanzo niliona kwamba jua la mchana lilifanana na mwezi nyuma ya wingu. Nikafikiri ni macho yangu, maana nilikuwa nimesafiri usiku kucha. Nikageuka kutazama dirisha la projekta na nikaona miale miwili, mmoja juu ya mwingine. Mtu wa kazi hii akiona miale miwili kwenye filamu ya kawaida anashtuka: lenzi ya 3D ilikuwa imeachwa mahali pake tangu onyesho lililotangulia, nayo ilikuwa inakula mwanga bila sababu. Nilitoka, nikamtafuta fundi, nikamweleza kwa heshima. Alikuwa kijana mmoja anayehudumia vyumba vingi peke yake, na hakuwa amepewa muda wa kubadilisha. Niliporudi ndani nilitazama watu waliojaa mle, familia zilizokuja na watoto, na iliniuma. Walikuwa wamelipia jua, wakapewa mwezi.

Basi unapochagua chumba, uliza juu ya mwanga. Projekta za zamani zinatumia taa ya zenoni, ambayo hufifia kadiri inavyozeeka, na ukumbi unaobana matumizi huchelewa kuibadilisha. Leza inashika mwangaza wake muda mrefu zaidi na rangi zake ni pana zaidi. Vyumba vya Dolby Cinema vinatumia projekta mbili za leza, na mwangaza wake kwa filamu ya kawaida unafika kama kandela 108, zaidi ya mara mbili ya kanuni, tena weusi wake ni weusi kweli. Kama filamu ni ya dijitali, ina matukio mengi ya usiku, na imeandaliwa kwa chumba cha namna hiyo, nami nikiulizwa nichague kati yake na skrini kubwa zaidi yenye taa iliyochoka, sitasita. Nitakwenda kwenye giza zuri.

Kwa nini nasisitiza usiku? Kwa sababu kamera ya dijitali ina kipaji cha kuona gizani. Mwaka 2004 Michael Mann alipiga sehemu kubwa ya “Collateral” kwa kamera za dijitali, kwa kuwa alitaka kuuonyesha usiku wa Los Angeles jinsi macho yanavyouona, na anga lake linalong’aa kwa taa za mji. Filamu kama hiyo ukiionyesha katika chumba ambacho taa za ngazi zinamulika skrini, umeitoa roho.

Nasi hapa kwetu tunalijua jambo hili kwa vidole vyetu. Wale waliokulia Kenya au Katuba, mitaa yetu ya hapa Lubumbashi, wanakumbuka vyumba vya video vya mabati. Mchana, jua la kiangazi lilipita katika matundu ya misumari ya zamani, na juu ya vichwa vyetu kukawa na nyota; miale midogo ya vumbi ikashuka hadi kwenye picha na kuandika madoa meupe juu ya nyuso za waigizaji. Mwenye chumba kimoja, mzee mwenye subira kubwa, alikuwa akipanda juu ya paa kila mwezi wa tano na kopo la lami, anaziba tundu moja baada ya jingine, huku mtoto wake amesimama ndani gizani akimwelekeza kwa sauti: kushoto kidogo, bado moja, bado moja. Hakuwa na mashine ya maana. Lakini chumba chake kilijaa kuliko cha jirani yake aliyekuwa na televisheni kubwa zaidi, na mimi mtoto nilijua sababu.

Nawapa sasa hesabu ambayo naomba muiandike. Projekta yenye mwanga wa lumeni 3000 za kweli, ikimulika skrini nyeupe ya upana wa mita 6, inatoa karibu kandela 48 kwa mita ya mraba. Ndiyo, kiasi kile kile cha kanuni za sinema! Mashine ya kukodisha harusini inaweza kutupa mwangaza wa ukumbi wa kimataifa. Lakini itandaze picha ile ile hadi mita 10, na mwangaza unashuka mpaka kama 17, kwa sababu eneo limekua karibu mara tatu na taa ni moja.

Kosa hilo nililifanya mimi. Miaka kadhaa iliyopita tulionyesha filamu uwanjani, watu walikuwa wengi, tukashona mashuka pamoja ili picha iwe kubwa kama ya Ulaya. Watoto waliokosa nafasi walizunguka wakaketi upande wa nyuma, wakaitazama filamu kinyume, na walifurahi sana. Nilikwenda kule nyuma kuwaangalia nikaona picha yao inang’aa karibu sawa na yetu. Hapo ndipo nilipoelewa: kila mwanga walioupata wao ulikuwa umetuponyoka sisi. Shuka jepesi linapitisha mwanga. Siku hizi nyuma ya shuka tunaweka kitambaa kizito cheusi na mbele tunatumia turubai lililopakwa rangi nyeupe isiyong’aa, na hatuvuki mita 6.

Sasa umbo la picha. Filamu za sinema huja kwa maumbo mawili ya kawaida: moja ni pana kiasi, upana mara 1.85 ya kimo. Jingine ni pana sana, mara 2.39. IMAX ilipozaliwa, mwaka 1970 huko Osaka, ilikuwa mkanda wa milimita 70 unaopita kwa ubavu, na picha yake ilikuwa ndefu kwenda juu, 1.43. Mwaka 2008 ilikuja IMAX ya dijitali, yenye projekta mbili za 2K na umbo la 1.90, na kuanzia miaka ya 2014 na 2015 ikaja ya leza, ya 4K. Jina mlangoni ni moja, lakini nyuma yake kuna mashine za vizazi tofauti na skrini za vimo tofauti. Ndiyo maana mtu anayeniambia “niliiona kwa IMAX” bado hajaniambia kitu. IMAX ipi?

Pamoja na hayo, kuna filamu za dijitali ambazo IMAX ndiyo nyumba yake ya kwanza. “Avengers: Infinity War” ya 2018 na “Endgame” ya 2019 zilipigwa zote kwa kamera za dijitali ambazo ARRI ilizitengeneza pamoja na IMAX. Katika ukumbi wa kawaida zilionyeshwa kwa umbo la 2.39, katika IMAX zilifunguka hadi 1.90 toka mwanzo hadi mwisho. Kwa upana ule ule wa skrini, hiyo ni picha zaidi kwa karibu robo nzima, juu na chini. Hapo lipa tiketi ya IMAX bila wasiwasi. Lakini filamu iliyopigwa na kumaliziwa kwa umbo la 2.39 tu, IMAX itaikuza, haitaifungua.

Hapa kwetu umbo linaharibiwa kwa njia nyingine, na linaniudhi. Mwendesha mashine anaona mistari myeusi juu na chini, anafikiri ni kasoro, anabonyeza kitufe cha kukuza mpaka shuka lijae. Nimeona mazungumzo ya watu wawili ambamo mmoja alikuwa amebaki sikio tu pembeni ya picha, na maandishi ya tafsiri yamemwagika chini sakafuni, hata wasiojua Kifaransa wakabaki kuulizana. Tafadhali sana: mistari ile iacheni. Kata vipande viwili vya kitambaa cheusi, vitundike juu ya mistari hiyo, na utashangaa jinsi picha inavyosimama, kwa sababu weusi wa projekta ni kijivu, ila weusi wa kitambaa ni weusi.

Juu ya 3D nitasema kidogo. Miwani na vichujio vyake hula mwanga, na mara nyingi kinachobaki ni theluthi ya kanuni au pungufu. Ichague pale tu filamu ilipopigwa hivyo tangu mwanzo, kama “Avatar: The Way of Water” ya 2022, tena katika ukumbi wa leza. Kama 3D ilitengenezwa baadaye kwa kompyuta, mimi huiacha. Na mwendo wa fremu, yaani picha moja moja zinazopita, 48 kwa sekunde, ambao “The Hobbit” ilijaribu mwaka 2012 badala ya 24 tulizozizoea, wengine unawafurahisha na wengine unawafanya wahisi wanatazama habari za televisheni. Kama mtengenezaji aliutaka, mpe nafasi mara moja uone.

Sauti nayo inastahili hotuba yake. Dolby Atmos, iliyoanza mwaka 2012, inaweza kutuma sauti mahali pamoja juu ya kichwa chako. Lakini sisi ambao jenereta inanguruma nyuma ya ukuta, na ambao mvua ya mwezi wa kwanza ikipiga mabati hakuna mwigizaji anayesikika, kazi yetu ya kwanza ni kuisogeza jenereta mbali, nyaya ndefu zikiwezekana, na filamu zenye minong’ono kuziweka kiangazi.

Nimalizie na faili lenyewe, kwa ajili ya ninyi mnaotengeneza filamu. Kifurushi cha sinema, kile kinachoitwa DCP, kinaruhusiwa kubeba hadi megabiti 250 kwa sekunde, na kila rangi ya msingi ina ngazi 4096 za mwanga. Filamu ya saa mbili inaweza kufikia gigabaiti 200. Ile mnayotumiana kwa simu ina gigabaiti moja, na ngazi 256. Mnataka kujua tofauti iko wapi? Msitazame mchana. Tazameni anga la usiku, au ukuta ulio na taa moja: kwenye faili la simu giza linashuka kwa ngazi, pete baada ya pete, kama matuta ya shamba, na vivuli vinatetemeka kwa vijiboksi. Yote ambayo kamera yako ilijitahidi kuyaona gizani yamefutwa ili faili liwe dogo. Kuna programu ya bure, DCP-o-matic, ambayo inatengeneza kifurushi hicho kwenye kompyuta ya kawaida. Inachukua saa nyingi, iache ifanye kazi usiku umeme ukiwepo. Na kabla hujaanza kupiga filamu yako, angalia kamera iko kwenye fremu ngapi. Nyingi hapa zimewekwa 25, na sinema inatumia 24. Ukizigeuza baadaye, filamu inapungua mwendo na sauti za watu zinashuka. Ni afadhali kuamua siku ya kwanza.

Baada ya dakika chache tutatazama dakika kumi za filamu iliyopigwa hapa mjini na vijana wetu, karibu yote usiku, kwa kamera ya dijitali. Tutaionyesha mara mbili: kwanza faili lililotumwa kwa simu, kisha lile lililotoka moja kwa moja katika kompyuta ya mhariri. Nimechora mistari miwili ya chaki sakafuni, mmoja mita 5 kutoka kwenye turubai na mwingine mita 10. Naomba mbadilishane nafasi katikati ya onyesho, wazee wakisaidiwa viti vyao, kisha mniambie kila mmoja aliona nini akiwa wapi. Mama uliye karibu na dirisha, tushushie blanketi lile. Na wewe kijana uliye mlangoni, zima taa zote, pamoja na ile ya njiani.